Ondoa Shujaa Kwanza: Kuhamisha Hadithi za Zamani za Televisheni Kwenda Mezani

Anayeendesha michezo ya uhusika na kupenda tamthilia za zamani za kisayansi ana hazina kubwa mkononi, na mara nyingi huiharibu kwa njia ileile. Anakitazama tena kipindi anachokipenda, anaandika matukio yake moja baada ya jingine, kisha anayapeleka mezani kwa mpangilio uleule. Nusu saa haijaisha, wachezaji wameshafanya jambo ambalo shujaa wa televisheni hakulifanya. Hapo anabaki na njia mbili, zote mbaya: awavute kwa nguvu warudi kwenye mstari, au aendelee gizani bila maandalizi yoyote.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe, ni hivi. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao, mwendesha mchezo, anaueleza ulimwengu wa hadithi na kuwasemea watu wote waliomo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, na ni yeye tu anayeamua mhusika huyo afanye nini. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua njia mwaka 1974, ulikuwa wa mapanga na uchawi, lakini anga haikukawia kuingia: Traveller ulitoka mwaka 1977, na kampuni ya FASA ya Marekani ikachapisha michezo rasmi ya tamthilia mbili za televisheni, Star Trek mwaka 1982 na Doctor Who mwaka 1985. Kwa hiyo swali la namna ya kuleta hadithi ya televisheni mezani limekuwapo kwa zaidi ya miaka 40, na bado linawasumbua watu.

Chanzo cha tatizo ni hati ya televisheni. Mwandishi wake anajua mwisho kabla hajaandika mwanzo. Akitaka nahodha aingie pangoni peke yake, nahodha ataingia. Akitaka daktari achelewe dakika mbili, atachelewa. Mezani hakuna mwenye mamlaka hayo. Kuna watu wenye akili zao, wanaopanga njama mbele ya macho yako, na ambao hawatamruhusu mwenzao aingie pangoni peke yake kwa sababu wote wanajua yanayompata anayeingia peke yake.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya kwanza ni kumwondoa shujaa. Kabla hujafikiria wachezaji, jiulize: kama nahodha, daktari na wenzao wasingefika kabisa, nini kingetokea? Jibu la swali hilo ndilo unalolipeleka mezani. Mengine yaache kwenye televisheni.

Mgodi wa Janus VI

Tuchukue mfano mmoja na tuufungue wote. The Devil in the Dark ni kipindi cha Star Trek kilichoandikwa na Gene L. Coon na kurushwa tarehe 9 Machi 1967. Meli ya Enterprise inaitwa kwenye sayari ya Janus VI, ambako wachimbaji wa madini ya pergium wanauawa na kitu kinachopenya mwamba kana kwamba ni hewa. Amri ya Nahodha Kirk ni kiuawe. Spock, afisa wake wa sayansi, anaanza kushuku kwamba ni kiumbe hai ambaye mwili wake umejengwa kwa silikoni badala ya kaboni. Mwishowe inajulikana kwamba kiumbe huyo, Horta, ni mama. Yale madonge ya silikoni ambayo wachimbaji waliyakuta kwa maelfu walipofungua ngazi mpya ya mgodi, wakayavunja wakidhani ni takataka, yalikuwa mayai yake.

Sasa waondoe Kirk, Spock na McCoy, daktari wa meli. Anabaki mama anayeua ili watoto wake wazaliwe. Anabaki mkuu wa mgodi mwenye donge moja juu ya meza yake kama pambo, asijue amekalia nini. Wanabaki wachimbaji waliozika wenzao na wanaotaka damu ilipwe kwa damu. Zinabaki sayari nyingine zinazoyategemea madini yale. Na inabaki pampu ya mtambo wa nyuklia wa kituo, ambayo Horta ameiiba. Bila pampu hiyo muda wa kituo chote unahesabika kwa saa. Hao wote wana haja zao, na haja zao zinagongana hata kama hakuna meli iliyowahi kutia nanga hapo. Shujaa asipofika, ama wachimbaji wanamwua Horta na kuendelea kuvunja mayai mpaka jamii yake inatoweka, ama mtambo unawamaliza wao kwanza.

Hiyo ni hali iliyo tayari kulipuka, na hali kama hiyo haivunjiki wachezaji wakifanya jambo usilolitarajia. Wakiamua kumtegea mtego, unajua Horta atafanya nini kwa sababu unajua anachokilinda. Wakiamua kuwahamisha wachimbaji wote, unajua mkuu wa mgodi atasema nini. Huhitaji kubashiri njia yao. Unachohitaji ni kuwajua vizuri watu waliomo.

Kuna sehemu moja ya kipindi hiki isiyoweza kuhamishwa kama ilivyo: namna ukweli unavyopatikana. Kwenye televisheni Spock anaunganisha akili yake na ya Horta, na kiumbe aliyejeruhiwa anachoma maneno kwenye mwamba kwa asidi yake: "NO KILL I". Ni tukio zuri mno. Lakini ni mlango mmoja, na ufunguo wake uko kwa mtu mmoja. Kundi lako likiwa halina Mvulcan, yaani mtu wa jamii ya Spock, hadithi imegonga mwamba. Likiwa naye, mchezaji huyo atataka kuunganisha akili dakika ya kumi, na fumbo limekwisha kabla halijaanza.

Kwa hiyo ukweli huo utawanye. Kumbukumbu za mgodi zioneshe kwamba hakuna aliyekufa kabla ya kufunguliwa kwa ngazi mpya. Pampu iwe imeng'olewa kwa ustadi, si kubomolewa, kana kwamba mwizi alijua hasa ni kitu gani kitakachowafukuza watu. Donge la mezani mwa mkuu wa mgodi likipimwa, liwe na joto kidogo kwa ndani. Horta akikutana na mtu aliyeweka silaha chini, asite. Kila moja ya dalili hizo inaelekea kwenye jibu lilelile, na wachezaji wakizikosa mbili bado wana nyingine mbili. Mbunifu wa michezo Robin Laws alikwenda mbali zaidi katika mfumo wake wa GUMSHOE wa mwaka 2007: dalili ambayo hadithi haiwezi kusonga bila hiyo haitegemei dadu kabisa. Mwenye ujuzi unaofaa akitafuta mahali panapofaa, anaipata. Dadu hubaki kwa mambo ambayo kushindwa kwake kunaleta patashika ya maana. Huhitaji kubadili mfumo wako wote ili kuazima kanuni hiyo, na kwa hadithi za upelelezi za aina hii naiona ya lazima.

Umaskini uliotusaidia

Watazamaji wa leo huzicheka studio za zamani kwa korido zao zinazojirudia. Mwendesha mchezo anapaswa kuzishukuru. Fedha zilipokuwa chache, waandishi walilazimika kufungia hadithi nzima katika vyumba vitano na watu wanane, na mezani mwendesha mchezo mmoja anaweza kushika kichwani vyumba vitano na watu wanane.

The Robots of Death, hadithi ya Doctor Who ya mwaka 1977 iliyoandikwa na Chris Boucher, ni mfano bora ninaoujua. Mtambo mkubwa wa kuchimba madini unatembea jangwani. Ndani yake kuna kundi dogo la wanadamu walioishi pamoja muda mrefu mpaka wanachukiana, na roboti nyingi zinazowatumikia, ambazo kila mtu anaamini haziwezi kumdhuru binadamu. Mtu mmoja ananyongwa. Wageni wawili wameonekana ghafla ndani ya mtambo, kwa hiyo lawama inawaangukia wao. Hakuna pa kukimbilia, maana nje ni dhoruba ya mchanga. Kwa jinsi mambo yalivyopangwa, karibu huna la kuongeza: ramani inaandikika kwenye ukurasa mmoja, washukiwa wanahesabika, na wachezaji wako wenyewe ndio washukiwa wa kwanza, jambo linalowapa sababu ya kupeleleza bila kusukumwa.

Shujaa mmoja, viti vinne

Televisheni ya zamani ilipenda mtu mmoja wa ajabu akizungukwa na wanaomuuliza maswali. Mezani hakuna aliyekuja kuuliza maswali. Doctor Who ndiyo ngumu kuliko zote hapa, kwa sababu Daktari, shujaa wake anayesafiri katika nyakati, anajua kila kitu na amekwenda kila mahali. Mchezo uliochapishwa na Cubicle 7 mwaka 2009 ulikabili shida hiyo kwa njia mbili ninazozipenda. Kwanza, wahusika wa kawaida huanza na pointi nyingi zaidi za hadithi, zile zinazomwezesha mchezaji kugeuza mambo yanapomwendea vibaya. Daktari ana maarifa, mwenzake ana bahati, na mizani inakaribiana. Pili, mambo yanapochacha, zamu hazifuati wepesi wa mkono. Wanaotaka kusema hutangulia, kisha wanaokimbia, kisha wanaofanya kazi nyingine, na wanaopigana huwa wa mwisho. Kanuni hiyo moja inabeba roho ya mfululizo mzima uliorushwa na BBC tangu Novemba 1963. Mtu akipaza sauti kumsihi adui, anasikika kabla ya risasi ya kwanza.

Kwa Star Trek tatizo ni la vyeo. Katika Balance of Terror ya Desemba 1966, Enterprise inawindana na meli ya Waromula isiyoonekana, mtindo uliochukuliwa kutoka filamu za vita vya nyambizi. Kirk na kamanda wa Waromula wanapimana akili. Wengine wanatii amri. Ukiileta hivyo, mchezaji mmoja atacheza na watatu watatazama. FASA waliligawa pambano la meli kwa vituo: mhandisi anagawa nguvu za injini kati ya mwendo, silaha na ngao, na mwingine anashika usukani, na mwingine silaha. Nguvu hazitoshi kwa vyote. Nahodha anataka kasi, mwenye silaha analalamika, mhandisi anasema hapana, na mabishano yale ndiyo mchezo wenyewe.

Hati ya kipindi hicho nayo ina hazina ambayo wengi huipita. Yumo afisa Stiles, ambaye jamaa zake waliuawa katika vita vya zamani na Waromula. Uso wa adui unapoonekana kwa mara ya kwanza na kufanana na wa Spock, anaanza kumshuku Spock. Wamo pia maharusi wawili ambao ndoa yao inakatizwa na king'ora mwanzoni mwa kipindi. Hao ni wahusika wadogo wa televisheni, lakini kwa mezani ni nafasi kamili za wachezaji: mmoja ana kisasi, mwingine ana mtu wa kumpoteza. Chuki ya Stiles usimpe mchezaji bila kumuuliza kwanza, na waulize wote kama wako radhi icheze mezani kwao.

Star Trek Adventures wa Modiphius, uliotoka mwaka 2017, una dawa nyingine ya vyeo. Mhusika wako mkuu akibaki melini, unachukua afisa mdogo na kushuka naye kwenye sayari. Hakuna anayekaa bure, na maafisa wale wadogo polepole wanapata majina, tabia na wapenzi wao miongoni mwa wachezaji.

Maamuzi mazito

Hapa ndipo penye utajiri mkubwa zaidi, na ndipo panapoharibika zaidi.

Genesis of the Daleks, hadithi ya Doctor Who ya Terry Nation, ilirushwa mwaka 1975 kwa sehemu 6. Mabwana wa Wakati, watu wa jamii yake, wanamtuma Daktari kwenye sayari ya Skaro, wakati Daleks, maadui wake wakubwa, ndiyo kwanza wanaundwa na mwanasayansi Davros. Anapewa malengo matatu: azuie kuumbwa kwao, au awabadilishe wawe wapole zaidi, au agundue udhaifu wao. Angalia jinsi hilo lilivyo zuri kwa mezani. Kazi inakuja na njia tatu tangu mwanzo, na kila mchezaji anaweza kuamini njia tofauti. Halafu inafika ile saa ambapo Daktari ameshika nyaya mbili. Akizigusanisha, Daleks wote wanakufa wakiwa bado wachanga, na anajiuliza kama ana haki ya kufanya hivyo. Kwenye televisheni anakatizwa na habari mpya, kwa hiyo hati inamwokoa asijibu. Mezani usimwokoe mtu. Waache wabishane, na mmoja akizigusanisha, zimegusana. Uwe umeshafikiri ulimwengu usio na Daleks unafananaje: ni nani aliyeungana na nani kwa sababu ya kuwaogopa, na sasa hawana sababu ya kuungana.

The City on the Edge of Forever ya Aprili 1967 inaonekana kuwa ya aina hiyohiyo, na ndiyo inayowaponza wengi. Kirk na Spock wamerudi New York ya mwaka 1930. Kirk anampenda Edith Keeler, mwanamke anayehudumia maskini. Spock anagundua kwamba Edith asipokufa katika ajali ya barabarani, historia itapinda na Ujerumani ya Hitler itashinda vita. Kirk anamzuia McCoy asimwokoe. Kwenye skrini inauma, kwa sababu tunamtazama mtu akibeba mzigo ambao hatuwezi kumsaidia. Mezani, kabla hujamaliza kueleza, mtu atasema: kwa nini tusimchukue tukaondoka naye? Akija kwetu, ametoweka kwenye historia, sawa na aliyekufa.

Na yuko sahihi. Kipindi hakikuliuliza swali hilo, nawe ukilijibu kwa "haiwezekani" tu, umewapora uamuzi wao. Una njia mbili za heshima. Moja ni kukubali, na kumfanya Edith mwenyewe akatae: ana watu wanaomtegemea kwa mlo wa jioni, na hatawaacha kwa sababu ya maneno ya wageni wawili. Sasa wachezaji lazima waamue kama watamteka nyara mtu mwema. Nyingine ni kukubali kabisa, na kuwapa mwanamke wa mwaka 1930 melini mwao, anayejua kwamba alitakiwa afe, na anayeuliza kila siku alichoikosea historia. Njia zote mbili ni nzito kuliko kurudia ajali ileile huku wachezaji wamefungwa mikono. Kanuni ninayoifuata: kama uamuzi una jibu moja tu linaloruhusiwa, huo si uamuzi, na usiulete.

Siri ambayo wote wanaijua

The Twilight Zone ya Rod Serling, vipindi 156 kati ya 1959 na 1964, ilijengwa juu ya mwisho wa kushtukiza. Mshtuko huo hauhamishiki. Anayeujua atauharibu, na asiyeujua atahisi amechezewa, kwa sababu hakufanya lolote kuufikia.

Katika The Monsters Are Due on Maple Street, ya Machi 1960, umeme unakatika mtaani, mtoto anasema huenda miongoni mwao kuna viumbe kutoka anga, na majirani wanaanza kushukiana mpaka wanauana. Mwishoni tunaona wageni mlimani wakichezea umeme huku wakiwatazama. Wape wachezaji hali hiyo kama ilivyo, nao wataketi, watashirikiana na kulala salama. Ni marafiki, wamekuja kufurahi pamoja, na hakuna mwenye sababu ya kumshuku mwenzake. Watu wa Maple Street walikuwa na sababu: kila mmoja alikuwa na jambo dogo asilotaka majirani walijue. Basi andika karatasi ndogo kwa kila mchezaji. Mmoja ana redio anayoificha chini ya nyumba. Mwingine hutoka usiku na hawezi kusema anakwenda kumwona nani. Wa tatu aliiona taa mlimani na akanyamaza kwa woga. Hakuna hata mmoja aliye mgeni wa anga, lakini kila mmoja atadanganya akiulizwa, na uongo ule unatosha. Wageni wa mlimani unaweza hata kuwatangaza mwanzoni. Mchezo hautapungua ladha.

Kwa wachezaji waliokwisha kuona kipindi chenyewe, badilisha sura na uache mifupa. Mgodi wa Janus VI uwe kituo cha kuchimba sakafu ya bahari, Horta awe kitu kinachopita katika matope, mayai yawe mawe yanayopamba ukumbi wa kulia. Mabadiliko hayo yana faida nyingine siku utakapotaka kuchapisha ulichokiandika. Kucheza faraghani na rafiki zako ni jambo moja. Kuuza ni jingine. Majina, wahusika na maandishi ya kipindi yana wenyewe, na bila leseni yao hutafika mbali. Wazo la mama anayelinda mayai yake chini ya ardhi halina mwenyewe.

Kuhusu muda, kipindi cha dakika 50 kwa kawaida hujaza kikao cha saa tatu au nne, kwa hiyo usiogope kwamba hadithi ni fupi. Doctor Who ya zamani, iliyokatwa kwa sehemu za dakika 25 na kila sehemu kuishia pabaya, inatufundisha mahali pa kusimama kikao kisipotosha: mlango unapofunguka, kabla hujasema kuna nini nyuma yake.

Kubwa linalobaki ni kwamba televisheni ya wakati ule ilirudisha kila kitu mahali pake kipindi kilipoisha, na Kirk wa wiki iliyofuata hakumlilia tena Edith. Mezani hakuna sababu ya kufanya hivyo. Mapatano ya Janus VI, Horta wachanga wachimbe na wanadamu wakusanye madini, yatazaa wivu, wanunuzi na walaghai, na wachezaji walioyafunga wanapaswa kuitwa tena yanapoyumba. Star Trek ilikuwa na kifaa kizuri cha kushikilia kumbukumbu hizo, nacho ni taarifa ya nahodha inayofungua kipindi. Mpe mchezaji mmoja kazi ya kuiandika mwishoni mwa kila kikao, kwa sauti ya mhusika wake, na kikao kinachofuata kianze kwa kuisoma. Zungusha kazi hiyo. Mhandisi aliyeona mambo tofauti na nahodha ataandika taarifa tofauti, na tofauti hizo zitakupa hadithi ambazo hakuna kipindi cha zamani kilichowahi kuzirusha.